Kupima ajira ya wanawake Lamu na Malindi: kosa huingilia mlangoni

Hojaji nyingi za ajira huanza na swali moja: "Je, unafanya kazi?" Liulize swali hilo Langoni, mjini Lamu, baada ya alasiri, na mazungumzo yatakwenda hivi:

— Shikamoo, bi mkubwa. Unafanya kazi?

— Marahaba, mwanangu. Mimi sina kazi, nakaa tu nyumbani.

— Na hiyo kofia unayoshona?

— Hii? Hii ya kupitishia wakati. Kuna mtu ameniagiza.

— Akija kuichukua atakulipa?

— Sasa asilipe kwa nini?

Karani mwenye haraka angefunga ukurasa baada ya jibu la kwanza, na mwanamke mwenye sindano kidoleni angehesabiwa kuwa hana ajira. Mama huyo hakudanganya. Kwa Kiswahili cha pwani mtu "ana kazi" akiwa ameandikwa: mwalimu, askari wa kaunti, mhudumu wa hoteli. Kushona kofia, kukaanga samaki, kusuka mikeka na kuuza mahamri dirishani huitwa kujitafutia, kushughulika, au havina jina kabisa. Takwimu ya ajira ya wanawake huharibikia hapo, kabla kompyuta haijawashwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni maswali, na hesabu zimepewa nafasi ndogo.

Amua kwanza unapima nini

Ziko kanuni mbili za kimataifa, na zote mbili utazikuta katika ripoti. Ya 1982 ilimhesabu kuwa na ajira mtu yeyote aliyefanya kazi kwa malipo, faida au manufaa ya familia kwa angalau muda wa saa moja katika wiki ya marejeo, yaani siku saba zinazoulizwa. Humo aliingia pia mkulima wa mahindi ya kula nyumbani. Mwaka 2013 mkutano wa wanatakwimu wa kazi ulioitishwa na Shirika la Kazi Duniani ulibadilisha mpaka huo: "kazi" ikawa neno pana linalobeba hata kupika na kulea, na "ajira" ikabaki kuwa kazi ya malipo au faida peke yake. Kigezo cha saa moja hakikuguswa.

Badiliko hilo linawagusa wanawake kuliko wanaume. Mwanamke wa Magarini, kaskazini ya Malindi, anayelima mahindi na mihogo ya kula na watoto wake ana ajira kwa kanuni ya 1982, hana kwa kanuni ya 2013, ingawa jembe ni lile lile na jua ni lile lile. Ukiweka utafiti wa kanuni ya zamani kando ya ule wa kanuni mpya, utadhani maelfu ya wanawake wameacha kazi, kumbe kilichohama ni mpaka. Tumia kanuni ya 2013, lakini mkulima wa chakula cha nyumbani mpe safu yake mwenyewe kwenye jedwali. Anayetaka kulinganisha na takwimu za zamani ataweza kumrudisha.

Kwa kanuni hii wana ajira hawa wafuatao: anayelipwa pesa, anayelipwa kwa vitu (samaki, chakula, mahali pa kulala), anayejiuzia mwenyewe, na anayesaidia biashara ya mtu wa nyumbani bila kulipwa. Huyu wa mwisho ndiye husahaulika mara nyingi. Binti anayeparua samaki wa mama yake kila asubuhi ili wakauzwe ana ajira hata kama hapewi shilingi. Na malipo si lazima yawe yameshaingia mkononi: kofia ya mkono huchukua wiki nyingi kumalizika, na saa za wiki hii ni ajira ya wiki hii.

Wiki ya marejeo, na bahari

Ajira hupimwa kwa siku saba zilizopita. Usiseme "wiki iliyopita", maana mwingine ataanza kuhesabu Jumamosi, mwingine Jumatatu. Taja siku: "tangu Jumatano iliyopita mpaka jana Jumanne."

Pwani siku saba zina mtego wake. Wanawake wanaotafuta pweza mwambani huenda wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu yakiingia hubaki nyumbani. Ukikusanya data ya kijiji kizima cha kisiwa cha Pate, Lamu, ndani ya siku tatu baada ya maji mafu, pweza watatoweka kwenye takwimu zako pamoja na wanaowatafuta. Dawa ni kutawanya mahojiano kwa wiki nne kamili, kila wiki ukigusa robo ya maeneo yako yote, ili bamvua mbili na maji mafu mawili yaingie. Usianze kaskazini ukamalizia kusini.

Msimu nao una nguvu. Wakati wa kusi bahari huchafuka, samaki hupungua, na akina mama karanga wanaonunua samaki wadogo bandarini na kuwakaanga hukosa mtaji wa kuzungusha. Malindi, hoteli nyingi hupoa au kufunga kati ya Aprili na Juni. Kibarua cha chumvi cha Gongoni na Marereni husimama mvua za masika zikianza kunyesha. Ramadhani hugeuza ratiba nzima: muuza chai wa asubuhi hulala, muuza viazi karai na kaimati huamka. Ukiwa na pesa za duru moja tu, andika waziwazi ni ya mwezi gani wa kawaida na mwezi gani wa Kiislamu. Ukiwa na pesa za duru mbili, ya kwanza iwe Februari na ya pili Juni, usichague miezi miwili ya neema.

Nani ahesabiwe na nani ajibu

Neno "kaya" liache ofisini. Malindi, ukimwuliza Mgiriama kuhusu "kaya yenu", atawaza msitu mtakatifu wa wazee. Uliza wanaokula chungu kimoja na waliolala hapo usiku wa kuamkia leo, kisha uliza tena: "Kuna mtu mwingine anayelala hapa, hata kama si ndugu?" Swali la pili ndilo linalomtoa jikoni dada wa kazi. Mwenye nyumba hamtaji kwa sababu si jamaa, na kwao anakotoka hatajwi kwa sababu hayupo. Asipopatikana kwenye orodha hii hatapatikana popote.

Ripoti nyingi za Kenya hutumia umri wa miaka 15 hadi 64, nawe tumia huo ili ulinganishe. Lakini uliza mpaka miaka 75 na kuendelea, uwachuje baadaye. Wasukaji hodari wa mikeka katika vijiji vya Matondoni na Kipungani, Lamu, si wote vijana.

Kila mwanamke ajijibie. Mume akijibu, "mke wangu hafanyi kazi" hutoka bila nia mbaya. Kwake yeye kuuza barafu na achari dirishani ni sehemu ya nyumba. Wapo pia wasiotaka mume ajue kiasi wanachopata au wanachoweka kwenye chama cha akiba, na hilo ni lao. Kwa hiyo karani awe mwanamke, mahojiano yafanyike uani au ndani badala ya barazani, na swali la kipato likae mwisho kabisa, au uliondoe kama hulihitaji. Asubuhi mpaka adhuhuri wengi wako sokoni, shambani au jikoni. Baina ya alasiri na magharibi ndio wakati mzuri, isipokuwa kwa mhudumu wa hoteli mwenye zamu ya jioni. Ijumaa mchana acha. Asiyekuwepo rudia mara tatu, kwa siku na saa tofauti, kabla ya kumwandika hakupatikana. Anayekosekana mara zote mara nyingi ndiye mwenye kazi nyingi, na ukimwacha unapunguza ajira kwa mkono wako mwenyewe.

Ganda na Magarini nenda na karani anayesema Kigiriama. Tafsiri ya papo kwa papo mlangoni humfanya kila karani atunge hojaji yake.

Kabla ya yote hayo pata kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, mjulishe chifu na mzee wa mtaa, na usikusanye jina la mtu bila sababu. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na karatasi na kalamu.

Maswali yenyewe

Yaulize kwa mpangilio huu. Jibu la "ndiyo" katika swali la kwanza, la pili au la tatu linatosha kumweka kwenye ajira. Halafu ruka moja kwa moja kwenye aina ya kazi na saa.

1. "Tangu Jumatano iliyopita mpaka jana, ulifanya kazi ya kuandikwa au kibarua chochote, ukalipwa au utalipwa pesa, chakula au kitu kingine? Hata ikiwa ni kwa muda wa saa moja tu."

2. "Katika siku hizo, uliuza, ulitengeneza, ulipika, ulisuka au ulishona chochote ili upate pesa, hata kama hazijaingia?" Hapa soma mifano ya mahali ulipo, polepole, na unyamaze baada ya kila mmoja. Lamu: kofia, mikeka na ukili, mahamri na mkate wa mofa, hina, kusuka nywele, pweza. Malindi: makuti, samaki wa kukaanga, mnazi, kuni na makaa, mboga, kufua nguo za watu, mitumba.

3. "Katika siku hizo, ulimsaidia mtu wa nyumba hii katika biashara, uvuvi au kibarua chake, bila wewe kulipwa?"

4. "Ulilima, ulifuga au ulivua?" Akikubali: "Mavuno hayo ni ya kuuza hasa, au ya kula nyumbani hasa?" Ya kuuza hasa ni ajira, ya kula hasa yaende kwenye safu yake. Usikubali "yote mawili". Uliza nusu kubwa inakwenda wapi. Ila kama analima shamba la mtu kwa kibarua, usimwulize mavuno, yeye ni wa swali la kwanza.

5. Kwa aliyejibu hapana zote: "Una kazi au biashara ambayo siku hizo hukuifanya lakini utairudia?"

6. Kwa asiye na ajira: "Katika wiki nne zilizopita ulifanya jambo lolote la kutafuta kazi au kuanzisha biashara?" Kuomba mtaji wa chama, kumwambia jamaa wa hotelini akuangalilie nafasi, kwenda getini kwa kampuni asubuhi, yote ni kutafuta. Kisha: "Ikipatikana sasa, ungeweza kuianza ndani ya wiki mbili?" Na kwa ambaye hakutafuta: "Ungetaka kazi ikipatikana?" pamoja na sababu ya kutotafuta.

Mifano ya swali la pili ndiyo roho ya hojaji. Makarani huichoka kufikia nyumba ya kumi na kuiruka, ndipo ajira ya wanawake inaposhuka siku baada ya siku bila sababu yoyote ya kiuchumi. Kila jioni linganisha kiwango cha kila karani. Mmoja akishuka chini sana ya wenzake waliofanya mtaa huo huo, kesho yake mfuate usikilize anavyouliza.

Jaribu hojaji kwa wanawake 15 hadi 20 kabla ya kuichapa. Usiwaulize kama wameelewa, watasema ndiyo kwa adabu. Waombe warudie swali kwa maneno yao.

Saa: mtego wa lugha

"Ulifanya kazi saa ngapi?" ni swali bovu, kwa kuwa mtu hujibu alianza lini: "saa mbili". Sema "kwa muda wa saa ngapi". Sababu ni hiyo hiyo ya kuweka neno "muda" katika swali la kwanza. Bila hilo, "hata kwa saa moja" huweza kusikika kama saa moja asubuhi.

Kisha kuna tofauti ya saa sita. Anayesema "saa mbili mpaka saa sita" amefanya kazi kwa muda wa saa nne, tangu 08:00 hadi 12:00. Karani akiandika 02:00 kwenye tableti, programu itakuletea wanawake wanaokaanga samaki usiku wa manane. Amueni kitu kimoja: karani aandike saa ya Kiswahili, programu iongeze sita.

Wasiotumia saa waongoze kwa swala: tangu alfajiri mpaka lini, tangu alasiri mpaka lini. Pita siku moja moja kwa kurudi nyuma kuanzia jana, na katika kila siku toa muda wa kupika na kulea. Anayeshona kofia huku akibembeleza mtoto anafanya yote mawili. Muda wote ambao sindano iko mkononi uandike kuwa wa ajira, na mtoto umwandike kwenye safu ya pili kama unapima pia kazi za nyumbani zisizolipwa. Kazi hizo zinahitaji shajara ya saa 24. Usijaribu kuzipata kwa swali moja.

Waliopo kazini lakini hawakwenda

Ugonjwa, likizo ya kila mwaka na likizo ya uzazi havimtoi mtu kwenye ajira. Sheria ya Kenya inampa mwajiriwa miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili. Sababu nyingine hupimwa kwa muda: kama jumla ya kutokuwepo haizidi miezi mitatu, au bado analipwa, ana ajira.

Mhudumu wa hoteli aliyeambiwa Aprili "rudi msimu ukifunguka Julai" bila malipo yuko mpakani. Uliza tarehe ya mwisho aliyofanya kazi na tarehe aliyoahidiwa. Akiwa ameambiwa tu "tutakupigia", hana ajira, mpeleke swali la sita.

Eda ni mfano ambao miongozo ya kigeni haiujui. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi, na hiyo imepita miezi mitatu. Mwalimu anayeendelea kulipwa anabaki kwenye ajira. Mwenye kibanda cha sokoni aliyekifunga muda wote huo hana. Ila usiamue kwa kusikia neno eda tu: wengi huendelea kushona ndani, au binti hupeleka mahamri yale yale yanayopikwa na mama. Rudia swali la pili, kwa upole.

Andika kazi kwa maneno

"Biashara" si kazi. Andika sentensi nzima: "Hununua samaki wadogo bandarini, huwakaanga, huuza barabarani jioni." Kutoka hapo msimbo, yaani namba ya aina ya kazi, hupatikana: 5212 kwa muuza chakula barabarani katika uainishaji wa kimataifa wa kazi wa 2008, 7533 kwa mshonaji, 7317 kwa msukaji mikeka, 9111 kwa dada wa kazi. Makuti yanayosukwa kwa kuuza yaweke pamoja na mikeka. Uliza pia nani anamiliki malighafi na nani anapanga bei. Mshonaji anayepewa kitambaa na uzi na tajiri mmoja, akaambiwa na bei, hayuko sawa na anayejinunulia vyote, ingawa wote watasema wanajitegemea.

Ukubwa wa sampuli na hesabu

Ukitaka kosa lisizidi asilimia 5 juu au chini, anza na wanawake 385, idadi inayotoka kwenye fomula ya kawaida ya sampuli. Zidisha kwa 1.5 kwa kuwa majirani hufanana kazi, upate 578. Gawanya kwa 0.9 kufidia wasiopatikana: wanawake 642. Hiyo ni kwa eneo moja. Ukitaka kusema jambo kuhusu Lamu na Malindi kila moja peke yake, ni 642 mara mbili. Ukihoji mwanamke mmoja tu katika nyumba yenye watatu, jibu lake lipe uzito wa tatu, la sivyo nyumba ndogo zitatawala matokeo.

Chukua mfano wa kubuni wa wanawake 400: 168 wana ajira, 22 hawana lakini wametafuta na wako tayari, 210 wako nje ya nguvukazi, yaani hawana ajira wala hawakutimiza yote mawili, kutafuta na kuwa tayari. Kiwango cha ajira ni 168 kwa 400, yaani asilimia 42. Ushiriki, yaani wenye ajira pamoja na wanaoitafuta, ni 190 kwa 400, asilimia 47.5. Ukosefu wa ajira ni 22 kwa 190, asilimia 11.6, si 22 kwa 400, kosa ambalo hata magazeti hulifanya. Kati ya wale 210, tuseme 45 wangetaka kazi na wako tayari ila hawakutafuta. Ukiwaongeza kwenye 22 na kwenye 190 unapata 67 kwa 235, asilimia 28.5. Wengi wa aina hii hawatafuti kwa kuwa hakuna pa kutafuta, na mahali kama Siyu au Faza, kisiwani Pate, namba hii ya mwisho inaeleza zaidi kuliko ile ya 11.6. Chapa zote mbili.

Asilimia 42 hiyo, kwa sampuli ya 400 na kizidishio cha 1.5, ina kosa la karibu asilimia 6 kila upande. Mwakani ukipata 45, usiandike kwamba ajira imepanda.

Kipimo kingine ni fungu la wanawake kati ya wote wenye ajira. Wanaume wenye ajira wakiwa 252, wanawake ni 168 kwa 420, asilimia 40. Hiki hakisomeki bila kujua idadi ya watu. Katika sensa ya 2019 Lamu ilikuwa na wanawake 67,813 kati ya watu 143,920, pungufu ya nusu, na Kilifi, ambamo Malindi imo, wanawake 749,673 kati ya 1,453,787, zaidi ya nusu. Asilimia 40 ile ile ni pengo kubwa zaidi Kilifi kuliko Lamu.

Ukitaka kulinganisha na taifa, linganisha na tafiti za nyumba kwa nyumba za KNBS, shirika la takwimu la taifa, wala si na jedwali la ajira za mshahara katika ripoti ya uchumi ya kila mwaka. Jedwali hilo linatokana na waajiri. Linahesabu mishahara ya sekta ya kisasa, na mshona kofia wa Langoni hamo na hatakuwemo.

Chini ya kila jedwali andika kanuni uliyotumia, tarehe za wiki za marejeo, umri, na wanawake wangapi walijibiwa na mtu mwingine. Ile safu ya maelezo ya kazi kwa maneno usiifute baada ya kuweka misimbo, maana misimbo hubadilishwa, na hutaweza kurudi Matondoni kumwuliza mtu mwaka jana alikuwa akisuka nini.